Mwandiko Mwepesi na Mtoto Asiyesoma: Fungu la Mwalimu wa Kiswahili

Wote wanaoifundisha lugha hii wanakubaliana kwamba mwandiko wa Kiswahili ni mwepesi. Irabu ni tano, na kila moja ina herufi yake. Konsonanti nazo, ukiziweka kando chache zinazoandikwa kwa herufi mbili, huandikwa kama zinavyotamkwa. Aliyekwisha kujua namna irabu zinavyoungana na konsonanti aweza kulisoma hata neno asilopata kulisikia. Sifa hii tumeisimulia mara nyingi, na ni ya kweli. Lakini imezaa dhana nyingine isiyo ya kweli, nayo ni kwamba mtoto ashindwaye kusoma Kiswahili baada ya miaka miwili mitatu shuleni hana budi kuwa mvivu, au mpungufu wa akili, au ametoka katika nyumba isiyojali elimu. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba wapo watoto wenye akili timamu na bidii ambao mwandiko huu mwepesi huwatatiza. Kwamba wepesi wenyewe ndio unaoificha shida yao. Na kwamba kuitambua shida hiyo na kuwasaidia kwahitaji maarifa ya fonolojia na mofolojia ya Kiswahili, yaani maarifa yaliyo mikononi mwa idara kama yetu.

Sitazungumzia hapa watoto wasioona wala wasiosikia. Hao wana maandishi ya nukta na lugha ya ishara, na kila moja yastahili makala yake. Nazungumzia mtoto aonaye na asikiaye vizuri, asemaye kama wenzake, ahesabuye pengine kuliko wenzake, lakini ukurasa ulioandikwa humkataa.

Yafaa kwanza tulitazame jina lake, maana hana jina. Kiswahili kina majina ya kale kwa upungufu wa mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, bubu. Mjadala juu ya kiambishi ki- katika majina hayo, kama ni cha kudunisha au ni cha kisarufi tu, twaujua na sitaurudia. Ninalotaka kulisema ni kwamba katika orodha hiyo hamna neno la mtu ashindwaye kusoma. Sababu si ngumu kuiona. Katika jamii ambayo mkulima, mvuvi na fundi waliweza kuishi kwa heshima pasipo kitabu, shida hii haikuwa na mahali pa kuonekana. Shule ndiyo iliyoileta hadharani. Na ilipoonekana, neno lililokuwa karibu lilikuwa ujinga. Wakati wa uhuru nchi zetu zilitangaza vita dhidi ya maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kumfundisha mtu mzima kusoma kukaitwa kumfuta ujinga. Hapa Kenya darasa lake likaitwa la ngumbaru. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo lugha ilikwisha kulifunga fundo: asiyesoma ni mjinga, na mjinga katika usemi wa kila siku ni mtu asiye na akili. Mwalimu anayemwita mtoto mjinga kwa sababu hasomi hadhani kwamba anatukana. Adhani kwamba anaeleza.

Wataalamu wa ng'ambo huiita shida hii disleksia, na neno hilo limeanza kutumiwa katika maandishi yetu ya ualimu. Maelezo ya mwanzo kuhusu mtoto wa namna hii yaliandikwa Uingereza mwaka wa 1896 na daktari Pringle Morgan, aliyemweleza kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Madaktari wa siku zile waliliona kuwa jambo la macho, wakaliita upofu wa maneno. Leo inajulikana kwamba kwa watoto walio wengi kiini chake kipo katika sauti: mtoto huona taabu kuligawa neno analolisikia katika vipande vyake na kuvifunga vipande hivyo na herufi kwa haraka. Shida hii huandama koo, hivi kwamba mara nyingi mzazi mmoja au mjomba alikuwa nayo. Haipimi akili, wala haitokani na uvivu, ijapokuwa mtoto aliyechekwa kwa miaka mitatu huweza kuwa mvivu kwa haki yake mwenyewe.

Tatizo letu ni kwamba karibu yote yaliyoandikwa juu ya dalili za shida hii yaliandikwa na watu waliokuwa wakiwatazama watoto wanaosoma Kiingereza. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya pili ng'ambo, kila mfano uliotolewa darasani ulikuwa wa lugha hiyo: mtoto anayesoma neno moja kwa namna ya jingine, anayebahatisha kwa kuitazama herufi ya kwanza, anayeshindwa na maneno yasiyofuata kanuni. Sasa katika Kiingereza maneno yasiyofuata kanuni hayana idadi. Mwaka wa 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto waanzao kusoma katika lugha 13 za Ulaya, wakaona kwamba wale wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda waliouhitaji wengi wa wenzao ili kufika kiasi kilekile. Mtoto mwenye shida katika mwandiko kama huo hujitangaza mwenyewe kwa makosa yake.

Katika mwandiko wenye utaratibu mambo ni mengine. Heinz Wimmer alionyesha mwaka wa 1993, kwa watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, kwamba wenye shida hii walisoma maneno mengi kwa usahihi. Waliachwa nyuma kwa upole wa mwendo wao. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mtoto wetu mwenye disleksia, akifundishwa kwa silabi, hatimaye huweza kuyatamka maandishi. Atasoma. Lakini atasoma kama mtu avukaye mto juu ya mawe, kila silabi kwa hatua yake, na atakapofika ng'ambo hatakumbuka alikotoka. Mwalimu aliyefunzwa kutafuta makosa hatayaona, na kwa kuwa mtoto "anasoma", alama yake ndogo katika ufahamu itahesabiwa kuwa kosa la akili au la moyo.

Kuna maficho mengine, nayo ni kuimba. Ba, be, bi, bo, bu ni njia nzuri. Imewasomesha mamilioni, wala sijiungi na wanaoibeza. Ila mtoto mwenye masikio mazuri na kumbukumbu nzuri huimba ukurasa mzima wa kitabu cha kwanza pasipo kuusoma, na katika darasa la watoto sitini sauti yake huzama katika sauti za wenzake. Njia rahisi ya kumtambua ni kumwandikia maneno yasiyokuwako, yaliyoundwa kwa silabi halali za Kiswahili: zofa, gopemi, chidome. Msomaji wa kweli atayatamka mara moja na kucheka. Aliyekariri atakwama, au atakupa neno analolijua linaloanza kwa sauti hiyohiyo. Zoezi hili halihitaji chombo chochote ila chaki.

Tukumbuke vilevile kwamba wepesi wa mwandiko wetu si kamili. Herufi m katika "mtu mbaya" ni silabi peke yake, na neno "mbaya" hapo lina silabi tatu. Katika "nyumba mbaya" m na b zaungana, na neno lilelile lililoandikwa kwa herufi zilezile lina silabi mbili. Katika "mbu", "nta" na "nchi" nazali husimama yenyewe na kubeba mkazo. Ng' na ng hutenganishwa na alama ndogo inayopotea kwa urahisi. Irabu mbili zifuatanazo hubadili maana, na tofauti ya "kufa" na "kufaa" si ndogo. Wenyeji wa Mombasa husikia paa la nyumba na paa wa mwituni kuwa maneno mawili, kwa kuwa la pili lina mpumuo, lakini mwandiko uliosanifiwa hauuonyeshi. K. J. Alcock na D. Ngorosho walipochapisha mwaka wa 2003 uchunguzi wao wa makosa ya tahajia ya Kiswahili, kichwa chenyewe cha makala yao kilisema kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si jambo dogo. Nadhani walimu wa darasa la pili walilijua hilo zamani; wanaisimu ndio tuliochelewa.

Hapa twafika penye uzito wa jambo hili kwa Kenya. Walio wengi kati ya watoto wanaoandika Kiswahili katika shule zetu wana lugha nyingine nyumbani, na lugha hiyo huacha alama katika daftari. Mtoto wa Kikuyu huchanganya l na r. Na kwa kuwa katika lugha yake vipasuo ghuna huja pamoja na nazali, ataongeza nazali mahali pasipo nayo au kuiacha palipo nayo. Mjaluo ataandika "samba" kwa "shamba", maana sh haimo katika lugha yake. Mkalenjin, ambaye lugha yake haitofautishi maana kwa ghuna na sighuna, ataziona p na b kuwa sauti moja, hali kadhalika t na d, k na g. Na mtoto wa Mombasa, ambaye Kiswahili ndicho lugha ya mama yake, ataandika "mato" kwa "macho" na kusahihishwa kwa wino mwekundu kama mgeni.

Makosa haya yote si disleksia. Lakini yametapakaa kiasi cha kuifunika. Mwalimu aonaye daftari lenye makosa thelathini husema "ni lugha ya mama" na kupita; au kinyume chake, aliyehudhuria semina ya siku mbili huanza kumwona kila Mkalenjin kuwa ana ugonjwa wa kusoma. Ni nani awezaye kuyatenganisha? Ni yule aujuaye mfumo wa sauti wa Kiswahili na, angalau kwa kiasi, ule wa lugha ya mtoto. Vipimo vyake ni vitatu, navyo si vigumu. Kosa la lugha ya mama husikika mdomoni kabla halijaonekana katika daftari: aandikaye "samba" hutamka "samba". Tena ni kosa la jamii, wenzake wa lugha hiyo hulifanya pia. Tena lina kanuni, yaani hutokea mahali palepale pa kifonolojia kila mara. Mtoto mwenye disleksia hutamka "shamba" sawasawa, kisha leo ataandika "shaba", kesho "sahmba", keshokutwa "shamba" bila kosa, na jirani yake wa lugha moja naye hana makosa hayo. Kutofuata kanuni ndiyo alama yake. Imla fupi ya maneno ishirini yaliyochaguliwa kwa makini, ikirudiwa mara tatu kwa muda wa mwezi mmoja, itamfunulia mwalimu mengi kuliko mtihani wa mwisho wa muhula.

Maneno hayo yachaguliwe na mtu aijuaye lugha. Yawemo yenye nazali ya silabi na nazali ambatani, yenye irabu mbili, yenye ng' na ng, yenye konsonanti mbili kabla ya irabu; na yaachwe yale ambayo lugha ya mama ya darasa lile huyavuruga, ili kosa linalobaki liwe la mtoto mwenyewe. Orodha moja kwa nchi nzima haitafaa. Ya Kisumu si ya Nyeri, wala ya Nyeri si ya Lamu.

Jambo la pili linalohusu muundo wa lugha ni urefu wa neno. Programu ya Tusome, iliyoanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2015, ilitumia viwango vya kasi ya kusoma vilivyokuwa tofauti kwa lugha mbili: msomaji stadi wa Kiingereza alitarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika, na wa Kiswahili maneno 45. Wako waliodhani kwamba Kiswahili kimedharauliwa. La hasha. Neno la Kiswahili hubeba mzigo wa sentensi. "Hawatakutembelea" ni neno moja lenye silabi nane, na Kiingereza hulihitajia maneno matano. Kwa mtoto asomaye silabi baada ya silabi, safari kutoka "ha" hadi "a" ya mwisho ni ndefu kupita kumbukumbu yake. Afikapo "le" kiambishi cha ukanushi kimekwisha kumtoka, na atasema kwamba watakutembelea. Amesoma kila herufi sawasawa na kuelewa kinyume.

Msaada wake umo katika mofolojia. Mtoto afundishwe mapema kuviona viambishi kama vipande vizima visivyohitaji kuunganishwa upya kila mara: ha-wa-ta-ku-tembelea. Vipande nane vimekuwa vitano, na vinne kati yake atakutana navyo katika kila ukurasa. Mwalimu aweza kuviandika juu ya vikaratasi vya boksi, viambishi vya nafsi kwa rangi moja na vya wakati kwa nyingine, na mtoto akavipanga mezani kabla ya kusoma: ni-ta-soma, ni-li-soma, wa-li-soma, hawa-ku-soma. Sisi hufundisha uchanganuzi huu chuo kikuu kama elimu ya juu, na mwanafunzi wetu huupitia mtihani na kuusahau. Pengine mahali pake penye faida kubwa ni darasa la tatu.

Kuhusu sauti, tuna hazina ambayo hatujaitumia. Watoto wa pwani tangu zamani wana mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliuandika katika karne ya 19: silabi ya mwisho huletwa mbele, "mbuzi" ikawa "zimbu" na "nyumba" ikawa "mbanyu". Vijana wa Nairobi hufanya vivyo hivyo katika Sheng, ambamo "stori" imegeuka "risto". Mtoto achezaye kinyume anaigawa lugha katika silabi pasipo kuambiwa silabi ni nini, na agawapo "nyumba" huiweka mb pamoja wala haikati katikati. Ashindwaye na mchezo huu hali wenzake wanaufurahia, afaa kuangaliwa kwa karibu. Na mchezo uleule, ukichezwa pole pole kwa maneno ya silabi mbili kisha tatu, ni dawa yake. Hauna gharama, na mtoto hajui kwamba anatibiwa.

Mkono nao una kazi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto alifuatisha herufi juu ya ubao, akaisoma kwa sauti, akaiosha, akaandika tena. Anna Gillingham na Bessie Stillman walipotunga mbinu yao nchini Marekani katika miaka ya 1930, ya kuunganisha jicho, sikio na mkono kwa ajili ya watoto hawa, walikuwa karibu na jambo ambalo mwalimu wa Lamu angelitambua. Mchanga wa uwanja wa shule watosha. Herufi moja kwa siku, na b na d zisifundishwe wiki moja.

Mengine ni adabu ya darasa zaidi kuliko isimu, nami nayapitia kwa ufupi. Mtoto huyu asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake kifungu asichokitayarisha; apewe tangu jana. Asomewe maswali ya hesabu, maana kinachopimwa pale ni hesabu. Apewe muda. Insha ya dakika 40, kama ile iliyokuwa katika mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ilimpima mtoto huyu kasi ya mkono kabla ya kumpima Kiswahili chake. Katika kusahihisha, mwalimu achague aina moja ya kosa kwa wiki na kuyaacha mengine, kwa kuwa ukurasa ulioloa wino mwekundu haufundishi lolote. Na aketishwe na msomaji mzuri mwenye subira, si lazima yule wa kwanza darasani. Wa kwanza mara nyingi hana subira.

Kwa upande wa sera, nchi haijalala. Kamati ya Ngala Mwendwa ilikutana mwaka wa 1964. Taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum, KISE, ilianzishwa mwaka wa 1986. Jopo la Kochung lilitoa taarifa mwaka wa 2003. Sera ya elimu ya mahitaji maalum ikatangazwa mwaka wa 2009, na Katiba ya 2010 ikaiweka haki hiyo katika ibara ya 54. Walioonekana kwanza walikuwa, kwa haki, wale ambao upungufu wao unaonekana kwa macho. Mwenye shida ya kusoma yuko tayari darasani, ameketi nyuma, na hakuna jengo litakalojengwa kwa ajili yake. Atakayekutana naye ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu huyo ametoka kwetu.

Amepata nini kwetu? Amesoma historia ya usanifishaji, ngeli, ushairi, nadharia tatu nne za fasihi. Yaelekea amemaliza miaka minne pasipo kushika daftari hata moja la mtoto anayekosea. Sisemi kozi hizo ziondolewe. Nasema kwamba kozi ya fonolojia ingeweza kutoa juma mbili kwa uchunguzi wa imla za watoto, na mofolojia juma moja kwa usomaji wa maneno marefu, pasipo kuomba idhini ya seneti wala fedha ya mtu.

Kuna hatua moja ndogo ambayo tungeweza kuianza muhula ujao. Tuendapo kuwakagua wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha, huwa twaomba azimio la kazi na andalio la somo. Tuombe pia madaftari matatu ya imla kutoka nyuma ya darasa, tuyanakili na kuyaweka katika maktaba ya idara. Jina la mtoto lisiandikwe. Yatosha umri, darasa, wilaya, na lugha anayoisema nyumbani.